Maji ya Ijumaa Kibarazani

Jiwe lilianguka wanawake wakiwa wanakaanga maandazi, na hata mafuta hayajapoa kijiji kizima cha Majaliwa kilishajua nani wa kulaumiwa.

Lilitoka juu mlimani, Kibarazani, likabingirika, likapasua paa la banda la kioo la tatu na kutua katikati ya mchicha. Hakuumia mtu. Bi Chumu, aliyekuwa humo akichuma mboga ya mchana, alitoka na majani kichwani akasema ameyaona mauti kwa macho yake, na yana ukubwa wa friji. Hivyo ndivyo alivyosimulia nyumba ya kwanza. Alipofika nyumba ya Bi Mize, mauti yalishafikia ukubwa wa lori.

Nyumba ya Bi Mize haikujua kukaa tupu. Watu waliingia kwa mlango wa kwanza wa plastiki nene, wakajikung'uta vumbi la barafu, wakavua mabuti, wakapita mlango wa pili wenye blanketi, na hapo wakapokewa na harufu ya iliki, joto la jiko na habari za watu. Nje kulikuwa na jua lisilotua na baridi ya kusini mwa dunia, baridi kavu inayokausha mate mdomoni. Ndani mkeka ulijaa mpaka pembeni, na aliyechelewa alikalia ndoo.

"Ni Kinu," alisema Bi Chumu akipokea kahawa. "Nani asiyejua? Lile dude linatafuna mwamba mchana na usiku. Leo limeshiba, limetutemea."

Wanawake wote wakamtazama Somoe, binti wa Bi Mize, aliyekuwa ndiyo kwanza anavua glavu mlangoni. Kinu kilikuwa cha Somoe kama vile mume anavyokuwa wa mtu: kikikosa adabu, anatazamwa yeye.

"Kinu kiko upande wa pili wa mlima, bibi," Somoe alijibu taratibu. "Hakifiki Kibarazani."

"Maji nayo yako upande wa pili wa bomba. Mbona yanafika jikoni kwangu?"

Mkeka ukacheka. Bi Mize hakucheka. Alimsogezea mwanawe sahani ya maandazi na kumpigia jicho la kumwambia kula kwanza, utagombana baadaye.

Wazee wao walikuja bondeni humo bahari ilipokula visiwa. Walikuta mwamba na baridi, vitu viwili visivyoliwa. Ndipo mafundi wakabuni Kinu. Ndani ya mlima walichimba mahandaki marefu, na humo mwamba ulinyweshwa maji kidogo kidogo na kushikiliwa kwenye baridi ya wastani, nyuzi tatu hadi nane chini ya sifuri. Wageni wote hukosea hapo. Hudhani baridi kali ndiyo ivunjayo jiwe. Baridi kali hulilaza jiwe. Ni katika ule ubaridi wa kati ndipo barafu iliyo kwenye ufa hubaki na njaa. Huvuta maji kutoka kwenye vitundu vya mwamba, tone kwa tone, inanenepa, inasukuma, mpaka mwamba unaachia maganda kama kitunguu. Kazi ambayo mlima ungeifanya kwa karne, Kinu kiliimaliza kwa msimu. Zilianza kokoto, ukaja mchanga, ukaja unga. Unga ukachanganywa na maganda ya jikoni na samadi ya kuku, ukawa udongo. Kila jani lililoliwa Majaliwa liliota kwenye mlima uliosagwa.

Mwenyekiti Ngwali aliingia akiwa bado na buti moja mguuni, jambo ambalo Bi Mize asingemsamehe mtu mwingine.

"Somoe, mwanangu, nisikilize," alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Watu wanaogopa. Lile jiwe ni dogo. Chini ya Kibaraza kuna mabanda yote matano, na ndani ya mabanda kuna watu. Jumamosi tunakaa kikao. Kama hujaniletea sababu nyingine, Kinu nakizima."

"Tukikizima sasa, maji yataganda mahandakini. Hatukiwashi tena mpaka kiangazi kijacho."

"Najua."

"Na ile meli inayotuletea familia zetu?"

Ngwali alitazama sakafu. "Wataambiwa wasubiri. Siwezi kuleta watu mahali pasipo na udongo wa kuwalisha."

Hakuna aliyecheka tena. Kila mtu pale alikuwa na jina la mtu kwenye meli ile.

*

Alasiri hiyohiyo Somoe alipanda na Kidawa kwenye handaki la ukaguzi lililopita chini ya Kibaraza. Kidawa alikuwa fundi mwenzake na shoga yake tangu shule, mwanamke mfupi mwenye mdomo usio na breki. Dada yake na watoto wa dada yake walikuwa wakisubiri meli.

"Kama ni Kinu, nitakizima mwenyewe," alisema Kidawa akitangulia na taa. "Lakini kama si Kinu halafu wakakizima, shoga, nitalia mpaka machozi yanigandie mashavuni, na wewe ndiye utakayeyabandua."

Walipita sehemu iliyokuwa karibu zaidi na mahandaki ya Kinu. Somoe alivua glavu akapapasa ukuta. Mkavu. Kidawa, kwa desturi ya mafundi wa pale, alilamba jiwe. Ulimi ukanata kidogo kwa ukavu. Jiwe lenye unyevu huteleza.

"Kavu kama shukrani ya wifi yangu. Kinu hakijapeleka hata jasho huku."

Hilo ndilo lililokuwa la ajabu. Bonde lile halikuwa na mvua. Theluji iliyodondoka ilirudi hewani bila hata kulowesha ardhi. Baridi ilikuwepo ya kumwaga, ila baridi bila maji haivunji kitu, na kwa sababu hiyo mawe ya bondeni yalikuwa yamekaa vilevile tangu zama ambazo hakuna mtu wa kuzisimulia. Ili mwamba upasuke Kibarazani, lazima mtu apeleke maji.

Ufa waliukuta mbele kidogo. Ulishuka kutoka darini, mpana wa kiganja, umejaa barafu nyeupe yenye mistari myembamba kama mafuta ya nyama. Ilikuwa barafu changa. Pembeni mwamba ulishaanza kuachia maganda.

Somoe alibandua kipande, akakishika kwenye kiganja kitupu kukiyeyusha, aone kama kina chumvi zinazotiwa kwenye mabomba ya Kinu. Maji yakamchuruzika mkononi. Akainua kiganja puani, kisha akakaa chini juu ya jiwe.

"Nini?" Kidawa akauliza. "Sumu?"

Somoe akamsogezea mkono. Kidawa akanusa, akanyamaza, na Kidawa kunyamaza ni habari yenyewe.

Ilikuwa harufu ya mawaridi.

Mawaridi ya Majaliwa yalikuwa yameota mahali pamoja tu: kwenye masufuria mabovu ya Bi Mize, pembeni ndani ya banda la pili. Yeye ndiye aliyeyachemsha akapata marashi, na yeye ndiye aliyegawia watu marashi hayo kila Ijumaa, wakiyatia kwenye birika za maji ya kumwagia makaburi.

Makaburi yalikuwa Kibarazani, juu ya ngazi ya mwamba iliyotokeza mlimani kama baraza ya nyumba, maana bondeni udongo ulikuwa wa kula, si wa kuzikia. Walizikwa kwenye vyumba vilivyochongwa na kufunikwa mawe. Huko visiwani, wazee walisema, wanawake hawakuwa wakienda sana makaburini. Huku walienda wote, kwa sababu watu wachache hawana anasa ya kuachiana huzuni. Na kama kwao, kaburi lilimwagiwa maji. Birika moja si kitu. Lakini wanawake wa Majaliwa hawakwenda mmoja mmoja, na aliyemwaga kidogo alisemwa mpaka Ijumaa ya pili. Bi Chumu alishafikia kubeba ndoo. Tena walibeba maji ya moto, kwa sababu maji ya baridi yangegandia njiani.

Maji vuguvugu, kila wiki, juu ya mwamba ulioinamia ndani. Somoe aliyaona kana kwamba yanapita mbele yake: yanaingia kwenye vijufa, yanashuka kwa joto lake mwenyewe, yanafika pale penye ubaridi wa kati na kukaa, na kuota. Walikuwa wamejijengea Kinu cha pili kwa birika, na juu yake wamewalaza wapendwa wao.

"Basi tumepona," alisema Kidawa polepole. "Sababu si Kinu. Mwambie Ngwali."

"Nimwambie ni mama."

"Umwambie ni maji."

"Kidawa, unajua baba alivyokufa."

Kidawa alijua, nani asiyejua. Mapafu ya Mzee Ussi yalijaa maji, daktari akakataza asipewe maji, na siku ya mwisho Mzee Ussi aliomba maji tangu asubuhi. Bi Mize alimlowesha midomo kwa pamba, kama alivyoagizwa. Tangu siku hiyo hakukosa Ijumaa hata moja.

"Naweza kusema bomba letu limevuja," Somoe akasema. "Niseme nilizembea. Wanifukuze kazi."

"Wakuamini, wakizime. Dada yangu atashukia wapi, mfukoni mwako?" Kidawa alimshika bega. "Na birika zitaendelea kupanda, shoga. Utawadanganya watu, na ufa utaendelea kunywa."

Somoe alikitia kipande kingine cha barafu kwenye chupa yake ya chai, akafunga kizibo. Njiani wakirudi hawakusema kitu, na hilo nalo likaonekana, na kabla ya chakula cha jioni mtaa mzima ulishaambiana kuwa Somoe na Kidawa wamekosana kwa ajili ya mwanamume.

*

Asubuhi ya Ijumaa Bi Mize alikuwa peke yake jikoni, saa chache za wiki ambazo watu walimwachia. Birika lilikuwa juu ya jiko linaanza kuimba. Alikuwa amevaa kanga juu ya koti la manyoya, akipima marashi kwa kifuniko cha chupa, na midomo ikienda kama anayehesabu.

"Kidawa kakunyang'anya nani?" aliuliza bila kugeuka.

"Hakuna mtu, mama."

"Nilijua. Ingekuwa kweli ningeambiwa mimi kwanza."

Somoe alimimina barafu kutoka kwenye chupa hadi kwenye kikombe, akakiweka mbele ya mama yake.

"Nusa."

Bi Mize alinusa. Uso wake ukafunguka. Kwa muda alionekana msichana, na Somoe akatamani ulimwengu uishie hapo.

"Umeitoa wapi hii?"

"Chini ya Kibaraza. Ndani ya mwamba, mbali sana chini."

"Kumbe yanafika," Bi Mize alisema kwa sauti ndogo. Alikikumbatia kikombe kwa mikono miwili. "Miaka yote hii najiambia, Mize, unamwagia mawe. Kumbe yanafika."

Hapo ndipo Somoe angeweza kunyamaza. Neno moja tu, ndiyo mama, yanafika, na birika lingeepuliwa, na mama yake angepanda ngazi na furaha ambayo hakuwa nayo tangu msiba. Alivuta kigoda akakaa karibu, magoti yao yakagusana.

"Yanampita, mama. Yanapita pembeni yake, yanashuka, yanaganda. Yakiganda yanasukuma. Lile jiwe la jana limesukumwa na haya. Na mwamba anaolalia mwenyewe umeshapasuka upande wa miguu. Nimeuona ufa kwa chini."

Birika liliimba. Bi Mize alitazama ndani ya kikombe, mahali barafu ilipokuwa ikipungua.

"Ngwali anajua?"

"Bado. Nimekuja kwako kwanza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikisema kule, watu wataanza kukutazama. Na nisiposema, wanazima Kinu."

"Kwa hiyo unanitaka nisimpe maji."

Somoe alitikisa kichwa kukubali.

"Daktari naye alikuja hivyo hivyo," Bi Mize akasema. "Akavuta kiti. Akaongea taratibu kama wewe. Nikamsikiliza, baba yako akaniangalia na yale macho yake." Aliinua mkono, akaushusha. "Nilimsikiliza kwa sababu alisema maji yatamuua. Na wewe unaniambia nini? Yatamfanya nini, mtu aliyekwisha kufa?"

"Yeye hayatamfanya kitu. Yatamtoa pale, mama. Kidogo kidogo. Mwamba unaachia ganda baada ya ganda, na siku moja Kibaraza kinashuka, yeye na wenzake wote, juu ya mabanda. Na Bi Chumu yumo ndani anachuma mchicha."

"Chumu," Bi Mize alirudia. Pembe ya mdomo wake ikacheza, kisha ikaanza kutetemeka. "Ussi hakumpenda Chumu hata kidogo. Kumwangukia angefurahi."

Walicheka wote wawili, na kicheko cha Bi Mize kikageuka njiani kikawa kilio, na Somoe akamvuta kifuani. Alilia bila sauti, kama watu wazima wanavyolia nyumbani kwao wakihofia kuingiliwa. Alinukia iliki na marashi. Kofia ya manyoya ikamwanguka, na Somoe akaona nywele za mama yake zilivyobaki chache.

"Ukiacha leo, mlima utapona," alisema juu ya kichwa hicho. "Hewa ya huku inakunywa barafu yenyewe. Inakauka ikawa mvuke bila hata kuyeyuka. Msimu mmoja, miwili, ufa utakuwa mkavu, na mwamba utalala. Nitauziba kwa saruji inayoshika kwenye baridi. Nitakaa nao mwenyewe."

"Na yeye?"

"Atabaki mkavu. Ila atabaki."

Bi Mize alijifuta kwa ncha ya kanga. Alinyanyuka, akazima jiko, na birika likakata wimbo katikati.

"Leta koti langu la nje," alisema. "Ngwali huwa anachelewa kuamka. Nataka nimkute hajavaa viatu, mtu asiye na viatu hakatai kitu."

*

Ijumaa ile walipanda Kibarazani kwa msafara kama kawaida, birika zikitoa moshi. Ndoo ya Bi Chumu ilitangulia. Bi Mize alipanda mikono mitupu, na kabla ya kufika nusu ya ngazi kila mtu alishaliona hilo na kumnong'oneza aliye nyuma yake.

Juu kabisa aligeuka akawaziba njia. Hakuwa mrefu, lakini walisimama.

"Chumu, tua ndoo. Wote, tueni. Msimwage."

"Kuna nini, Mize?"

"Maji haya ndiyo yanayopasua mlima. Si Kinu. Mwanangu ameyakuta chini yameganda, yananuka mawaridi yangu. Nimenusa mwenyewe. Na Ngwali nimeshamwambia, kaniahidi Kinu hakiguswi." Alivuta pumzi, mvuke ukamfunika uso. "Mimi ndiye niliyewaanzishia. Mwenye la kusema aniambie hapa hapa, asingoje kulisemea nyumbani kwake."

Upepo ulipita kwenye mawe. Somoe, chini yao ngazi chache, alisubiri. Alijua midomo ya mtaa ule.

Bi Chumu aliitua ndoo yake. Alikuwa na mwanawe pale juu, aliyezikwa akiwa na umri wa miezi michache, na kwa ajili yake alikuwa akibeba ndoo nzima.

"Sasa tutawafanyia nini?" aliuliza. Hakukuwa na mzaha kwenye sauti. "Tutakuja tukae tu, hivihivi, mikono mapajani?"

"Tutakaa," akasema Bi Mize. "Kwani nyumbani kwangu mnafanya nini kingine?"

Mtu mmoja alicheka puani. Wakaanza kupanda, wakiziacha birika kwenye ngazi, na kila mmoja akaenda kwa wake. Baada ya dua, ambayo ilisomwa kama siku zote, mikono haikuwa na kazi. Kisha Bi Chumu akaanza kumwambia mwanawe habari ya jiwe. Kwa mtoto mauti yalirudi yakawa na ukubwa wa friji, kwa sababu hakutaka kumtisha. Mwingine akaanza, na mwingine, na Kibaraza kikajaa manong'ono kama ukumbi wa arusi kabla bibi arusi hajatoka.

Bi Mize alikuwa amechuchumaa kando ya Mzee Ussi. Aliposikia hatua za Somoe, alisogea kumpa nafasi.

"Nimemwambia habari zote za wiki," alisema. "Zimebaki za maji. Hizo mwambie mwenyewe."

Somoe hakuwahi kuongea na kaburi. Miaka yote alikuwa akisimama nyuma, akishika birika tupu za wenzake. Alipiga magoti. Mwamba ulimpenya kwa baridi yake.

"Baba," alianza kwa sauti ya chini.

"Kwa nguvu kidogo," Bi Mize akasema. "Unalijua sikio lake."

"Baba, ni mimi, Somoe. Maji hayatakuja tena." Aliweka kiganja juu ya jiwe la juu, akakiacha hapo mpaka kikaanza kuuma. "Aliyeyakataza ni mimi. Mama alikuwa anakuletea, hata leo alishachemsha. Usimwangalie yeye. Niangalie mimi."

Bi Mize aliuchukua mkono wa mwanawe kutoka kwenye jiwe, akauingiza ndani ya koti lake, kwapani, mahali penye joto, na akaubana.